Mgeni wa Alhamisi

Phineas Mulongo aliingia Eldoret akiwa kijana wa kutoka Kimilili, na kama vijana wengi wa kwao wakati ule, alienda moja kwa moja kusimama nje ya lango la kiwanda cha nguo mpaka wakachoka kumwona, wakampa kazi. Huko ndiko alikozeekea. Mashine zilimla masikio kidogo kidogo, hata leo ukitaka akusikie lazima uje upande wa kulia. Lakini zilimlipia nyumba, zikamsomeshea Mildred, binti yake wa pekee, na zikampa jina. Pale mtaani West Indies watu wa zamani bado humwita Mulongo wa Kiwanda, ingawa kiwanda kilimwachisha kitambo na sasa yeye ni mlinzi wa kanisa.

Mkewe Linah alikuwa fundi wa cherehani. Alishona yunifomu za shule kwenye baraza ya duka moja mjini, na alikuwa na mdomo. Mzazi aliyechelewa kuchukua sketi ya mtoto wake alisemwa mpaka akatamani kuiacha. Ndiyo maana ugonjwa ulipoanza, Phineas aliujua kwa maneno. Linah angesema, "Nipatie ile... ile ya kukata," kisha akanyamaza, akiangalia mkasi mezani kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani na jina limempotea. Baadaye akaanza kupoteza majina ya watu, halafu watu wenyewe. Hospitalini wakasema ni ugonjwa wa kusahau unaoshika wazee, kwamba hakuna dawa ya kuuondoa, ipo tu ya kuupunguza mwendo.

Siku moja ya mvua Linah alitoka na chakula ndani ya hotipoti, akavuka barabara kuu ya malori kumpelekea mumewe chakula cha mchana kiwandani. Mumewe alikuwa nyuma ya kanisa anafyeka nyasi. Dereva wa lori la mahindi ndiye aliyemrudisha, amemshika kiwiko, na yeye dereva ndiye aliyekuwa anatetemeka.

"Mzee," alimwambia Phineas, "huyu mama amepita mbele ya bampa yangu hivi. Mfungie ndani."

Phineas alijaribu kumfungia. Linah aligonga mlango kwa kiganja asubuhi nzima, akiwaita majirani kwa majina ya watu waliokwisha kufa. Phineas alifungua kabla ya saa sita na hakufunga tena. Ndipo Brigid, mdogo wake Linah, aliposema dada yake apelekwe kwake Soy. Brigid ni mjane, ana boma lenye ua mnene wa michongoma na geti moja tu.

"Mulamwa," alimwambia, maana hivyo ndivyo mashemeji huitana kwao, "hapa kwangu atatembea mpaka achoke, na hataona gari."

Phineas hangeweza kuhamia huko. Chumba chake cha nyuma ya kanisa na kibarua chake vilikuwa kitu kimoja, akiacha hiki amepoteza kile, na dawa za Linah zilitoka humo. Tena, mwanamume kwenda kukaa kwa shemeji mjane lilikuwa jambo lisilosemeka. Kwa hiyo alimpeleka mkewe Soy, akamsaidia kushuka, akamfunga kitambaa kichwani kwa sababu upepo ulikuwa mkali, akarudi peke yake.

Kutoka mjini hadi Soy si mbali kwa mtu mwenye nauli. Kwa Phineas kulikuwa mbali. Pesa za wazee kutoka serikalini zilipoingia zilikuta unga na dawa vimekwisha kupanga foleni. Mildred alikuwa Nairobi akifua nguo za watu ili walale wameshiba yeye na wanawe, na alichotuma alikitoa mdomoni mwake. Phineas alienda Soy mara mojamoja, na kila alipofika Linah alimuuliza, "Wewe ni wa nani?"

"Ni mimi, Mama Mildred. Baba Mildred."

"Mildred ako shule," Linah alijibu kwa ukali, na hapo mazungumzo yakaisha.

Halafu ukaja mradi. Shirika dogo lililoitwa Tembea Salama lilipata mfadhili wa nje, likaelewana na sacco moja ya wenye matatu za njia ya Kitale: mzee aliyepita miaka sabini apewe kadi, apande bure wakati abiria si wengi, na shirika liilipe sacco kila mwezi. Msichana wa ofisi, Joyline, aliyesomea chuo cha Chepkoilel, ndiye aliyempiga Phineas picha ya kadi.

"Cheka kidogo, Mzee. Hii si picha ya polisi."

Phineas akacheka, na kwenye kadi yake anaonekana anacheka hadi leo.

Mchungaji Javan alimpa Alhamisi iwe siku yake ya mapumziko. Basi kila Alhamisi Phineas alivaa koti lake la kijivu, akapanda gari la Kitale, akashuka Soy na kufika kwa Brigid umande haujakauka vizuri. Linah angekuwa amekaa chini ya paa la jikoni na ungo wa maharagwe mapajani. Mikono yake haikuwa imesahau chochote. Ilipasua maganda haraka kama zamani ilipokuwa ikipitisha nguo chini ya sindano. Phineas alivuta kigoda, akachukua maganda yake, wakapasua pamoja. Alikuwa ameacha kujitambulisha. Brigid alimwonyesha kwa macho kwamba kubishana na ugonjwa ni kumuumiza mgonjwa, naye akaelewa.

Wiki za kwanza Linah hakumsemesha. Baadaye akaanza kumsogezea maganda. Halafu siku moja Brigid alitaka kukalia kile kigoda, Linah akamfukuza.

"Toka hapo. Hicho ni cha yule wa Alhamisi."

Kuanzia hapo walikuwa marafiki. Linah alimweleza habari za bei ya uzi, za fitina za mafundi wenzake wa miaka ile, na siku moja, bila kuulizwa, akamweleza habari za mumewe.

"Bwana yangu ako shifti," alisema. "Sahi ako kwa mashine."

Phineas aliinamia ungo. "Ni mtu wa namna gani?"

"Ni mtu mpole. Haskii vizuri, lazima umpigie kelele. Lakini mkono wake hajawahi kuninyanyulia, hata siku moja. Hata ile siku nilichoma suruali yake ya kuendea arusi ya watu." Alifikiri kidogo. "Ubaya wake ni nyama. Hajui kununua nyama. Anauziwanga mifupa tu."

Phineas alicheka mpaka akatoa leso. Katika ndoa yao yote Linah hakuwahi kumsifu mbele ya uso wake. Alimgombeza, alimpikia, alimsubiri, lakini kumsifu, hapana. Sasa alikuwa anasifiwa mtu ambaye hayupo, na yeye amekaa hapo hapo anasikia. Hakuona vibaya. Alirudi West Indies siku hiyo akihisi kama mtu aliyelipwa mishahara yake yote ya nyuma.

Brigid alimwambia jambo jingine getini. "Mulamwa, Jumatano ikifika anaanza kuuliza. Jina hajui. Anasema tu, yule mtu anakuja kesho? Nikimwambia ndiyo, anakula vizuri." Daktari wa zahanati alikuwa amemweleza Brigid kwamba kwa wagonjwa kama Linah jambo likirudiwarudiwa hushika, na likikatika hutoka, na likishatoka hakuna ajuaye kama litarudi.

Mradi ulikatika asubuhi moja, bila mtu kuwaambia wazee. Phineas alifika stejini, akamwonyesha kondakta kadi yake. Kondakta alikuwa Cyril, kijana aliyemzoea, na safari hii hakuitazama kadi.

"Mzee, hizi kadi zimezimwa."

"Zimezimwa na nani?"

"Hata sisi tumeambiwa tu leo. Wenye mradi hawajalipa sacco, na sacco imesema hakuna mzee wa bure tena." Cyril alitazama nyuma, akaona meneja hayuko karibu. "Panda leo. Nitajua vile nitasema. Lakini wiki ijayo usiniwekee hiyo mzigo, tafadhali. Watanifuta."

Phineas alipanda kama mwizi. Aliporudi mjini jioni alipitia ofisi ya Tembea Salama, akamkuta Joyline anapanga mafaili kwenye makatoni.

"Mfadhili alitupatia muda, na muda umeisha," Joyline alimwambia. "Tuliandika tukaomba waongeze. Wakasema mwaka huu wanaangalia vijana."

"Na sisi?"

"Sijui nikuambie nini, Mzee. Hata mimi mwisho wa mwezi narudi kwetu." Alimvutia kiti, na Phineas akakaa kwa sababu hakujua la kufanya jingine. "Kuna kikao cha maoni ya bajeti. Mkienda wengi mkaomba serikali ichukue huu mradi, huwezi jua."

Walienda wengi. Aliyewapanga alikuwa Johnstone Aketch, Mjaluo aliyestaafu ukarani wa mahakama, ambaye kadi ilikuwa ikimpeleka kliniki ya sukari. Aketch alivaa tai. Alisimama katika ukumbi akaeleza, kwa Kiswahili kilichonyooka kama rula, kwamba mzee asiyeweza kusafiri hafungwi jela na mtu yeyote, lakini hukaa kama aliyefungwa. Watu wakapiga makofi. Ofisa wa bajeti, bwana wa heshima zake, naye akapiga makofi. Akasema ombi ni zuri sana, kwamba hata yeye ana mama mzee nyumbani, ila bajeti ya mwaka huu imekwisha kufungwa na ya mwaka ujao inagombaniwa na barabara, zahanati na karo za watoto wasiojiweza. Ombi lingeandikwa miongoni mwa maoni ya wananchi.

Hakuna aliyewapinga. Hilo ndilo lililomchosha Phineas. Alikuwa amekuja amejiandaa kwa ugomvi, na hapakuwa na mtu wa kugombana naye.

Aketch alimgusa bega. "Mulongo, waambie na wewe. Waambie yako."

Phineas alisimama, akapewa kipaza sauti, akaogopa sauti yake mwenyewe ilipomrudia kutoka ukutani.

"Mimi naendanga Soy," alisema. "Kila Alhamisi."

"Kufanya nini, Mzee?" ofisa akamuuliza kwa upole.

"Kuona bibi yangu."

Ukumbi ukacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka jinsi watu wanavyomcheka mzee anayeonekana bado ana mambo ya ujana, na mama mmoja nyuma akapiga kigelegele. Phineas alisubiri wamalize ili aeleze: ungo wa maharagwe, kigoda, jinsi Linah anavyouliza kila Jumatano. Walipomaliza, maneno hayakuwepo. Angeelezaje mbele ya watu wote hao kwamba mkewe hamjui, na kwamba ili aendelee kutomjua kwa wema, lazima afike kila wiki? Alirudisha kipaza sauti, akakaa.

Nje ya ukumbi Aketch alisema, "Angalau tumeandikwa kwenye maoni."

"Maoni inapanda gari?" Phineas akamuuliza, na Aketch akalegeza tai yake.

Alhamisi iliyofuata alitafuta njia nyingine. Kulikuwa na lori linaloleta maziwa mjini kutoka pande za Soy na kurudi tupu. Dereva alikubali kumbeba, lakini lori lilikawia kiwanda cha maziwa, likakawia tena gereji, na Phineas alipofika kwa Brigid, Linah alikuwa amekwisha kupewa dawa yake na kulala. Alimwangalia akiwa usingizini, mdomo wazi kidogo. Hakuthubutu kumwamsha. Aliporudi West Indies, akiwa amechelewa zamu yake ya usiku, watu wa mazoezi ya arusi walikuwa wamesimama nje ya geti la kanisa kwa muda mrefu, kwa kuwa mama aliyemshikia zamu hakuujua ufunguo.

"Mzee Mulongo," Mchungaji Javan alimwambia kwa sauti ya chini, "mimi nakuelewa. Lakini wazee wa kanisa wakiniuliza kwa nini tunalipa mlinzi, nitawajibu nini?"

Mara nyingine alijaribu kwenda kwa miguu. Aliondoka alfajiri na fimbo, na akajiambia kwamba ujanani alitembea mbali kuliko hapo. Alifika Maili Nne. Goti lilikuwa limevimba hata suruali ikambana, akakaa kwenye ukingo wa barabara huku wakimbiaji wa mazoezi wakimpita, wepesi, wanapumua polepole. Mmoja alimpa maji. Mwenye pikipiki aliyekuwa akirudi mjini alimwonea huruma akambeba mpaka nyumbani, na goti likamweka kitandani.

Basi akasubiri. Alipiga simu kwa Brigid, Brigid akasema Linah yuko sawa. Alipiga tena, Brigid akasema, "Jumatano aliuliza." Akapiga tena, Brigid akasema yuko sawa, na Phineas akaona aibu kuuliza kama ameuliza.

Hatimaye Mildred akatuma kitu, na Phineas akaenda Soy. Mahindi aliyoyaacha yakiwa yanafika magotini yalikuwa yamekauka shambani, yanangoja kukatwa. Alinunua nyama njiani, akaichagua kwa makini, akamkazia muuzaji macho mpaka akapewa isiyo na mfupa. Brigid alimfungulia geti, na kabla hajamsalimia vizuri, Phineas alimwona Linah chini ya paa la jikoni na ungo wake, akaenda moja kwa moja kuvuta kile kigoda.

Linah aliruka. Maharagwe yalimwagika.

"Brigid! Brigid, kuna mwanaume!"

"Ni mgeni wetu, dada. Ni yule wa Alhamisi."

"Simjui! Mwambie atoke kwa kiti cha watu!"

Phineas alisimama haraka, goti likamuuma, akashika nguzo. Alijua hapaswi kubishana. Alitafuta kichwani kitu ambacho kingemtuliza, akapata kile kimoja alichokuwa nacho.

"Mama," alisema polepole, "bwana yako ako shifti?"

Linah aliacha kupiga kelele. Alimtazama kwa mara ya kwanza, na macho yake yakajaa hofu mpya, kubwa kuliko ile.

"Ulimjulia wapi bwana yangu?" aliuliza. "Mbona unamuuliza? Nini imetokea kwa mashine?" Alimshika Brigid gauni. "Brigid, wametuma mtu. Wametuma mzee. Hawatumangi mzee kama si mambo mbaya!"

Akaanza kulia, kilio cha matanga, mikono kichwani. Phineas aliyekuwa hai, mwenye nyama mkononi, alisimama hatua chache kutoka kwake akimsikia mkewe akimlilia kwamba amekufa. "Hajakufa," alisema. "Mama Mildred, hajakufa. Ako salama." Lakini kila alipotoa sauti Linah alizidi, na mwisho Brigid akampungia mkono aondoke, aende nyuma ya nyumba. Akaenda. Alikaa kwenye gogo la kupasulia kuni mpaka kilio kikawa kwikwi, na kwikwi zikawa kimya.

Brigid alimfuata huko na chai. Alikaa karibu naye, upande wa kulia, ili amsikie.

"Mulamwa, nikuambie kitu na usikasirike."

"Sema."

"Kama ungeweza kuja kila wiki, ningefungua geti hata kabla ufike. Lakini hii ya kuja baada ya muda mrefu inamuumiza. Si wewe. Anaona mtu mgeni, na leo hatakula, na kesho pia atakuwa anakulilia."

"Kwa hivyo nisije."

"Sijasema usije."

"Umesema, Brigid."

Brigid alipangusa macho kwa ncha ya leso. Phineas alikunywa chai yote, kwa heshima, akamwachia ile nyama, akaomba apitie upande wa shamba asije akaonekana. Brigid alimwonyesha pengo katika michongoma, akatoka kwa kuinama.

Mwaka wa bajeti ulipogeuka, Aketch alienda kusoma ule mpango mpya wa bajeti uliobandikwa. Aliusoma wote, akapitia kanisani kwa Phineas kumpa habari kwamba nauli za wazee hazimo, ila wameshukuriwa kwa maoni yao. Alisema watajaribu tena. Phineas alisema sawa. Wakazungumzia mvua.

Simu ndiyo iliyobaki. Alhamisi moja Brigid alijaribu kumwekea Linah simu sikioni, na Phineas, amekaa kitandani pake katika chumba cha nyuma ya kanisa, akasema, "Habari yako, Mama?" Alisikia pumzi. Halafu akamsikia Linah akimwambia mdogo wake, bila woga wala furaha, "Kuna mtu anaongea hapa ndani. Sijui anatafuta nani." Simu ikarudishwa, Brigid akasema maji yamechemka jikoni, ngoja kidogo, akaiweka mahali bila kuikata.

Phineas hakukata pia. Alimsikia kuku akifukuzwa, na sufuria ikifunikwa. Alimsikia Linah akiomba kitambaa cha kichwa kwa sababu ya baridi, na Brigid akimjibu kutoka mbali kwamba amekwisha kukivaa. Alibana simu kwenye sikio lake zuri, akakaa hivyo mpaka ikajikata yenyewe.